Neno Lililobaki Kinywani mwa Lanty Birkett

Lanty Birkett hakuwa mtu wa maneno hata kabla ya kupigwa na kiharusi. Watu wa bonde la Skelgarth, kule milimani kaskazini mwa Uingereza, wote ni wabahili wa kusema, lakini Lanty aliwashinda. Angeweza kushinda kutwa nzima na neno moja, na neno lenyewe lilikuwa "right".

Msilidharau. Sisi tuliosoma Kiingereza cha darasani tunadhani tumelimaliza: ni mkono wa kulia, au ni jibu sahihi, mwalimu akakuwekea alama ya vema, basi. Muriel, mkewe Lanty, aliishi nalo nyumba moja tangu siku ya harusi na hakuwahi kulimaliza. Asubuhi Lanty alikaa ukingoni mwa kitanda akivuta soksi, akasema "right", maana yake haya, kumekucha, kazi inatungoja. Akifungua mlango akakuta mvua inanyesha kwa ubavu, imelazwa na upepo, alitoa "right" nyingine, ndefu na chungu, ya kuiambia mvua kwamba wameonana. Muriel akimwambia bomba la jikoni linavuja, alijibiwa "right", na hiyo ilikuwa ahadi. Akimwambia mara ya pili, ilikuja fupi kama mlango unaofungwa, maana yake nimesikia, mama, niache.

Huko shambani ndiko lilikofanya kazi zaidi. Ukuta wa mawe uliosimama bila kuyumba ulikuwa "right". Kondoo akiteleza akalala chali, manyoya yamelowa na miguu inapiga hewa, hawezi kuinuka tena, na asipopata mtu wa kumgeuza atakufa pale pale. Kumgeuza na kumsimamisha kwa miguu yake nako huitwa kwa neno hilo hilo. Kisha walikuwepo wale watembeaji wa mjini, waliokuja kiangazi na mabuti mapya wakiacha mageti wazi. Walimkunjulia ramani na kumweleza kwamba kupita katikati ya shamba lake ni haki yao kisheria, na haki hiyo nayo, kwa Kiingereza, ni "right". Lanty aliwatazama, akalitazama geti, akasema "Right!" kwa sauti ambayo hata asiyejua lugha angekimbia kulifunga.

"Iko siku litakuishia hilo," Muriel alimtania. "Unalichakaza kama shati la Jumapili linalovaliwa kila siku."

"Right," alijibu Lanty, na kona moja ya mdomo wake ikapanda juu kidogo. Huo ndio ulikuwa utani wake wa wiki nzima.

Kiharusi kilimkuta Aprili, wakati kondoo wanazaa, akiwa mezani na bakuli la uji wa shayiri. Kijiko kilimponyoka. Muriel aligeuka kutoka jikoni ili amgombeze kwa kuchafua kitambaa, akaona uso wa mumewe umeshuka upande mmoja, na hakukumbuka tena habari ya kitambaa. Lanty alikaa hospitali ya mjini wiki nyingi. Aliporudi, mkono wa kulia ulikuwa umekufa, mguu wa kulia unaburuzika, na nusu ya mdomo imelegea hivi kwamba hata kupiga mluzi hakuweza tena. Maneno yote yalikuwa yameondoka. Jina la mkewe liliondoka, la mwanawe likaondoka, la mbwa wake likaondoka, na majina ya vilele alivyovipanda tangu utotoni yakaondoka pia. Likabaki lile moja.

Daktari alikuwa mtu mkweli, nami simlaumu. Alimweka Muriel kwenye kiti akamwambia, "Mama Birkett, sitaki nikufiche. Ugonjwa huu mara nyingine humwachia mtu neno moja tu. Linatoka lenyewe, kama kwikwi. Nyuma yake panaweza kuwa na mengi, panaweza pia pasiwe na kitu. Mimi sijui, na sina kifaa cha kunionyesha. Nakusihi tu usiliegemee sana."

Katika yote hayo, Muriel alirudi nyumbani na neno "kwikwi" peke yake. Lilimkaa moyoni likamtafuna. Siku chache baadaye alishindwa kuvumilia, akasimama mbele ya kiti cha mumewe na birika mkononi.

"Lanty, unataka chai?"

"Right."

"Au hutaki chai?"

"Right."

"Basi niimwage kichwani mwako?"

"Right," alisema Lanty.

Muriel aliweka birika chini, akaenda kusimama kwenye chumba cha kuhifadhia chakula, katikati ya chupa za jamu, akalia akiwa ameziba mdomo kwa aproni. Hakuwa analilia kazi. Kazi aliizoea, na kumvalisha mtu suruali si kugumu kuliko kumkata kondoo kucha. Alichokuwa akililia ni kwamba hakujua tena kama ndani ya yule mtu aliyekaa pale jikoni mumewe alikuwamo. Kama alikuwamo, angemhudumia mpaka mgongo uvunjike. Kama hakuwamo, alikuwa mjane anayemlisha mgeni.

Clive, mtoto wao wa pekee, alikuwa akija kutoka Manchester kila alipopata likizo. Alikuwa kijana mwema, mwenye miwani na gari dogo lisiloweza vilima, na alikuwa akimwona mama yake anakonda. Mwishoni mwa Septemba aliweka mikono mezani akasema alichokuwa amekibeba safari nzima.

"Mama, kuna nyumba ya kutunzia wazee kule mjini. Nimeiona. Safi, ina bustani. Wamepata nafasi."

"Nafasi ya nani?"

"Unajua ya nani."

Muriel aliendelea kumenya viazi. "Baba yako hajawahi kulala mjini kwa hiari yake hata usiku mmoja."

"Baba yangu..." Clive alipunguza sauti, ingawa mzee alikuwa hapo hapo dirishani, hatua mbili kutoka kwao. "Mama, hebu niambie ukweli. Unaongea naye, au unaongea peke yako?"

Kisu kilisimama katikati ya kiazi. Swali hilo Muriel alikuwa amejiuliza kila siku tangu siku ya birika, na kulisikia limetoka kwenye kinywa cha mtu mwingine kulimmaliza nguvu. Alikubali shingo upande. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba wasubiri siku ya kuteremsha kondoo mlimani ipite, kwa sababu Lanty hajakosa siku hiyo maisha yake yote. Clive akapiga simu. Gari lingekuja Jumatatu baada ya siku hiyo.

Mbwa wa Lanty alikuwa ameshaondoka zamani. Katika milima ile watu hawamfugi mbwa wa kondoo kwa ajili ya kumpapasa kichwa. Kumwacha bila kazi wanaona ni kumtesa. Kwa hiyo Meg, jike mweusi mwenye kola nyeupe na macho ya kukushtaki, alipewa jirani, Isaac Mounsey, aliyelima upande wa pili wa kijito. Lanty alipomwona Meg anaingizwa kwenye gari la Isaac, alisema "right", na wote wakafurahi kwamba ameridhia.

Siku ya kuteremsha kondoo, majirani wa bonde zima hupanda mlima mmoja pamoja. Kule juu hakuna uzio. Kila kundi linajua kipande chake cha mlima kwa kufundishwa na mama zao, kondoo kwa kondoo, na ikifika Oktoba ni lazima washushwe wote, watengwe kwa alama za rangi migongoni na mikato ya masikio, kila mwenye chake arudi na chake. Watu walifika asubuhi na fimbo zao na mbwa zao. Wanawake walikuwa wamepika sufuria kubwa za nyama ya kondoo na viazi, pamoja na keki ya tangawizi, na jikoni kwa Muriel vioo vilikuwa vinatoka jasho.

Muriel alimvalisha Lanty koti na kofia, yeye na Clive wakambeba na kiti chake mpaka kwenye geti la zizi, chini ya mlima, wakamfunika blanketi miguuni. Majirani walipita kumsalimu. Mmoja alimpigia kelele kana kwamba ni kiziwi, wengine wakamuuliza Muriel, "Hajambo huyu?" na Lanty yuko hapo anawatazama.

"Hajambo, asante," Muriel alijibu kila mara, kwa sababu ndivyo watu wa huko wanavyojibu hata nyumba ikiwa inaungua.

Isaac Mounsey ndiye aliyekuja mwisho, anamvuta Meg kwa kamba. Aliona haya.

"Muriel, huyu mbwa wenu simwelewi. Namwambia nenda, anakaa. Nampigia mluzi, ananitazama kama mimi ndiye niliyekosea. Nimekuwa naye miezi sasa, hajanisogezea kondoo hata mmoja. Ngoja nimfunge hapa, nipande na wangu."

"Labda ameshazeeka," Clive alisema.

"Azeeke wapi? Ni jeuri tu. Amefunzwa na jeuri." Isaac alimgeukia Lanty, akainama, akasema kwa sauti ya kawaida, "Si ndiyo, mzee wangu?"

"Right," alisema Lanty.

Isaac alicheka, akamfunga mbwa kwenye nguzo, akaenda zake. Muriel alimsikia akicheka kama mtu aliyejibiwa, na jambo fulani likamgusa, lakini sufuria zilikuwa zinachemka, akarudi ndani.

Alasiri ukungu ulishuka. Ulishuka taratibu, ukakimeza kilele, kisha mabega ya mlima, na kutoka ndani yake zikawa zinasikika sauti za watu, mbwa, na mlio wa mamia ya kondoo wasioonekana. Kisha wakajitokeza. Wale kondoo wa kijivu wenye nyuso nyeupe walitokeza chini ya ukungu kwa mstari mrefu, mmoja nyuma ya mwingine, mpaka mteremko mzima ukawa unatembea. Wanawake walitoka nje kuwaangalia, maana jambo hilo halizoeleki, hata ukizaliwa hapo.

Ndipo kondoo wa mbele wakashtuka. Pengine ni jiwe lililoporomoka, pengine ni kivuli tu. Kundi la mbele, la Lanty mwenyewe, liligeuza njia likaanza kukata kuelekea kwenye korongo la kijito, ambako majani yanaishia ghafla na chini yake ni mawe na maji. Kondoo wa huko mmoja akiruka wote wanaruka. Watu walikuwa bado nyuma ndani ya ukungu, mbwa wao wako upande usiofaa. Clive alianza kukimbia akipunga mikono, na kukimbia kwake kukawazidishia kondoo hofu.

"Clive, simama!" Muriel alipiga kelele. Alitazama huku na huku, akamwona Meg amesimama wima kwenye nguzo, kamba imekaza. Hakufikiri. Alilivuta fundo la ile kamba, na mbwa akawa huru. Lakini mbwa hakwenda. Alimgeukia mtu aliyekaa kwenye kiti, akasubiri.

"Right," alisema Lanty.

Aliisema chini chini, kwa kuivuta, na ilipofika mwisho ikapanda. Meg akaondoka kama aliyesukumwa na upepo. Hakuwaelekea kondoo, alizunguka mbali kushoto, tumbo likigusa majani, akapanda juu ya ukingo wa korongo na kutokeza mbele yao.

"Right." Fupi, ngumu. Meg akalala chini papo hapo. Kondoo wa kwanza, jike kubwa lenye pembe iliyovunjika, alisimama. Wote nyuma yake wakasimama, na korongo lilikuwa karibu nao kiasi cha kurusha kofia.

"Right, right, right." Nyepesi, laini, kama mtu anayembembeleza mtoto aingie kwenye maji. Mbwa akainuka, akasogea hatua moja, akatulia, akasogea nyingine. Kondoo wakaanza kugeuza vichwa. Mmoja alichomoka upande wa kulia, na kabla Muriel hajavuta pumzi sauti ya Lanty ikapaa juu, kali na ya kukwaruza, kutoka kwenye ile nusu ya mdomo iliyobaki hai. "Right!" Meg akaruka upande huo na kumrudisha.

Wanaume walikuwa wanatoka kwenye ukungu mmoja mmoja, na kila aliyetoka alisimama alipofika, akawashika mbwa wake. Isaac Mounsey alivua kofia, bila shaka hata yeye hakujua kwa nini. Neno lile moja liliendelea kutoka getini, likivutwa, likikatwa, likinong'onwa, likipanda na kushuka, na kule juu mbwa alikuwa anaandika nalo kwenye mlima mzima. Kundi likashuka, likapita mbele ya kiti cha Lanty likinuka mvua na manyoya, likaingia zizini hadi kondoo wa mwisho.

"Right," alisema Lanty, polepole, akishusha pumzi. Meg akaja, akajitupa chini juu ya viatu vyake, ulimi nje.

Muriel alikuwa ameshikilia geti kwa mikono miwili. Alikuwa ameyasikia haya yote nyumbani kwake, miaka yote ile. Alikuwa ameisikia ile ndefu ya kutuma, ile fupi ya kuzuia, ile laini ya kubembeleza, akaijua kila moja kama anavyojua ngazi za nyumba yake gizani. Kisha akakumbuka siku ya birika, na safari hii hakulikumbuka neno, aliikumbuka sauti. Ya kwanza ilikuwa ndiyo, tafadhali. Ya pili ilikuwa mbona unaniuliza mara mbili? Na ya tatu, ya kumwagiwa kichwani, ilikuwa utani. Mume wake alimtania, na yeye akaenda kulia kati ya chupa za jamu. Alikumbuka pia siku Meg alipoingizwa kwenye gari la Isaac, akaisikia upya ile "right" waliyoifurahia. Ilikuwa kilio.

"Mama," Clive alisema. Alikuwa anahema, miwani imejaa ukungu. "Ni ajabu, kweli. Lakini mbwa anasikia sauti tu. Haelewi maneno."

"Na mimi je?" Muriel alimgeukia. "Miaka yote hii, wewe ulidhani nilikuwa nasikia nini?"

Watu waliingia ndani kula, wakala sana na kusema kidogo, na kila aliyepita karibu na Lanty alimwambia jambo yeye mwenyewe, safari hii bila kupiga kelele. Isaac alisema, "Mbwa wako abaki kwako. Nimechoka kudharauliwa." Walipoondoka wote, Muriel alivuta kiti akakaa mbele ya mumewe, magoti kwa magoti, na kumwita Clive asimame karibu.

"Sikiliza kwa makini," alimwambia. "Usisikilize neno, hilo tumelizoea. Sikiliza lilivyobebwa." Kisha akamtazama Lanty. "Jumatatu gari linakuja kukupeleka mjini, kwenye nyumba ya wazee. Nimekubali mimi, bila kukuuliza, na ninaona aibu. Sasa nakuuliza. Unataka kwenda?"

Lanty akasema neno lake. Mimi sina herufi za kuliandika lilivyotoka. Lilikuwa chini sana, limevunjika katikati, na ndani yake mlikuwa na hofu ya mzee ambaye amekuwa akisikia kila kitu tangu Septemba na hakuna aliyemuuliza. Clive alilisikia. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Halafu alikwenda kwenye simu iliyokuwa ukumbini, na Muriel akamsikia akisema, "Hapana. Hapana, hatakuja. Yeye mwenyewe amekataa."

Majira ya baridi yaliyofuata, nyumba ya akina Birkett ilikuwa na mazungumzo mengi kuliko ilivyopata kuwa nayo. Muriel aliacha kumjibia mumewe mbele za watu. Aliuliza, akasubiri, akasikiliza. Aligundua "right" ya maumivu ya bega na "right" ya kutaka dirisha lifunguliwe, na nyingine ya jioni tu, asiyopata kuijua hapo kabla, ambayo haikuomba kitu wala kujibu kitu. Ilimchukua hadi Krismasi kuielewa. Ilikuwa inasema uko hapo, nami niko hapa. Alipoielewa aliona moyo wake umejaa hofu ya heshima, kama mtu aliyeishi miaka yote juu ya chemchemi akidhani ni ardhi kavu. Isaac alikuja kila Jumamosi kubishana na Lanty habari za kondoo dume, na mara mbili alishindwa hoja, akaondoka amekasirika kweli kweli.

"Mumeo ana mdomo mchafu," alimlalamikia Muriel mlangoni.

"Alikuwa nao siku zote," Muriel alisema kwa fahari.

Theluji ilianza kuyeyuka mwanzoni mwa Machi. Lanty alikuwa amedhoofika sana, hakushuka tena kwenye geti, na daktari alikuja akasikiliza kifua chake, akamshika Muriel mkono kwa muda. Asubuhi moja yenye jua, wawili hao walikuwa jikoni kama kawaida, Meg chini ya meza, chai mezani.

Watu wa kule wana namna yao ya kuaga. Mgeni hasemi kwamba anaondoka, wala hasimami ghafla. Anakaa kimya kidogo, kisha anajipiga magoti kwa viganja na kusema "Right." Hapo kila mtu anajua kwamba ameshiba, ameshukuru, na njia inamwita. Mwenyeji naye ana jibu lake, ni lazima amwambie mbona mapema, kunywa kikombe kingine. Katika nyumba yake mwenyewe mtu hafanyi hivyo, kwani aage aende wapi?

Lanty aliitazama jikoni polepole, jiko, dirisha, mlima ulio dirishani, mbwa. Mwishowe alimtazama mkewe. Aliinua mkono wake wa kushoto, ule mzima, akajipiga goti.

"Right," alisema.

Muriel aliielewa kabla haijamalizika kusemwa: mumewe alikuwa anaaga. Angeweza kupiga kelele, angeweza kukimbilia simu. Alijikaza, akamjibu kama mwenyeji anavyopaswa.

"Mbona mapema hivyo, Lanty? Kunywa kikombe kingine kwanza."

Ile nusu hai ya mdomo wake ikapanda kidogo. Akakubali. Muriel akammiminia, akaweka maziwa na sukari, akamshikia kikombe, na Lanty akakinywa chote bila haraka, wakiitazama theluji inavyoteremka kwenye mapaa. Kikombe kilipokwisha alisema neno lake mara nyingine, kwa sauti ndogo, bila kujipiga goti, akafumba macho. Na Muriel akainuka, akaenda kumfungulia mlango.